“Kila nikiandika fidla, nasikia Psycho”

“Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 26, natengeneza muziki wa matangazo kwenye kompyuta nyumbani. Sasa nimepata filamu yangu ya kwanza, ya kutisha, ya dakika 24. Mwongozaji amenipa picha zikiwa zimeshawekewa muziki wa filamu maarufu za Marekani, akaniambia: ‘Nataka hivi hivi, ila isiwe hii.’ Nimeandika mara tatu, na mara tatu nimefuta. Nikiandika fidla zinazolia, nasikia Psycho. Nikiandika besi, nasikia Jaws. Rafiki yangu anasema hao wakubwa wenyewe wananakiliana tangu zamani, kwa hiyo nichukue tu, mradi nisizidishe sekunde saba. Je, kuna mtu aliyewahi kubuni chochote katika muziki huu? Na mimi nisiye na okestra nitatisha vipi?”

Marahaba. Na hongera, maana filamu ya kutisha humuumbua mtunzi upesi kuliko aina nyingine zote. Kwenye filamu ya mapenzi muziki ukiwa dhaifu watu bado watalia. Kwenye ya kutisha ukiwa dhaifu, wanacheka.

Nikikusoma vizuri, unaogopa vitu viwili vinavyovutana: unaogopa kuiba, na unaogopa kwamba usipoiba hutamtisha mtu. Nianze na hicho cha pili, kwa sababu ukishajua fidla inatisha kwa njia gani, utaona ni kitu gani kina mwenyewe na kipi hakina.

Piga noti mbili zilizopakana kwa pamoja. Tuseme ile A ya kusawazishia ala, yenye mitetemo 440 kwa sekunde, na inayoifuata juu yake, yenye kama 466. Sikio halipokei noti mbili safi. Linapokea mkwaruzo, kwa sababu mawimbi yanagongana mara 26 hivi kila sekunde. Ongeza fidla ya tatu na ya nne, kila moja imepishana kidogo na mwenzake, na mkwaruzo unazidi kuwa mkali. Sasa kumbuka ukunga unaopigwa usiku mtaani. Kabla hujajua ni nani na amepatwa na nini, umeshakaa kitandani na moyo unakwenda mbio. Watafiti waliopima mayowe ya binadamu mwaka 2015 walikuta ndani yake mkwaruzo wa kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde, eneo ambalo mazungumzo ya kawaida karibu hayaligusi, ila ving’ora vya hatari vinalitumia. Ala za nyuzi zinafika hapo kwa urahisi kuliko kinanda, kwa kuwa kidole cha mpigaji kinaweza kuteleza na kusimama popote, hata katikati ya noti mbili, kama koo linavyofanya.

Ukimpata mpiga fidla, mwombe ausogeze upinde hadi uguse kile kibao kinachonyanyua nyuzi, halafu apige taratibu bila kukandamiza. Sauti inapoteza nyama, inabaki mifupa: filimbi nyembamba yenye mchanga ndani. Wanafunzi wangu wakiisikia mara ya kwanza hugeuka kutazama mlangoni. Sauti hiyo haina mtunzi. Imo ndani ya mbao na nyuzi, kama mlio wa bawaba kavu ulivyomo mlangoni.

Kuna habari moja unayoweza kukutana nayo huko mtandaoni, kwamba kuna umbali wa toni tatu kati ya noti mbili ambao Kanisa lilipiga marufuku zama za kati kwa kuwa ulimwita shetani. Ni hadithi tamu, lakini ushahidi wa marufuku hiyo hakuna. Walimu wa muziki waliuona umbali huo mgumu kuimba, wakawaonya wanafunzi wauepuke, na jina la shetani likaja kushika baadaye sana. Ukiutumia kwa kutegemea laana yake, utapata noti mbili tu. Vivyo hivyo usidhani sauti kubwa ndiyo hofu. Kelele ya ghafla inamrusha mtu kwenye kiti, hilo ni kweli, lakini mwili unafanya hivyo hata kwa mlango uliopigwa na upepo, na baada ya sekunde mbili mtazamaji anakukasirikia.

Sasa tuwatazame hao wawili wanaokusumbua.

Psycho ilitoka 1960. Mwongozaji wake, Alfred Hitchcock, alitaka muziki wenye ladha ya jazi, na kile kipande cha bafuni, mwanamke anapouawa kwa kisu akioga, alikitaka bila muziki kabisa. Mtunzi, Bernard Herrmann, hakumfuata kwa lolote kati ya hayo mawili. Fedha zilikuwa chache, akaacha tarumbeta, ngoma na filimbi, akabaki na ala za nyuzi peke yake mwanzo hadi mwisho. Kisha akafanya jambo ambalo wengi wanaomwiga hawalioni. Aliwaagiza wapigaji wafunge vibanio vya kufifisha sauti kwenye ala zao katika muziki wote wa filamu, isipokuwa bafuni. Kwa hiyo kwa zaidi ya dakika 40 sikio lako limezoea nyuzi zilizofunikwa blanketi. Pazia linapovutwa, blanketi linaondoka nalo. Unaponiambia unaandika fidla zinazolia na unasikia Psycho, nakuamini, lakini nadhani umechukua ule ukunga ukaziacha zile dakika 40 zilizouandaa. Ndiyo maana unasikika kama wa kuazima.

Na huyo Herrmann mwenyewe? Sehemu kadhaa za muziki huo alizitoa kwenye kazi yake ya nyuzi, Sinfonietta, aliyoiandika akiwa kijana miaka ya 1930. Kuna noti tatu za wazimu ndani ya Psycho ambazo zinarudi mwisho kabisa wa Taxi Driver, filamu ambayo alimaliza kurekodi muziki wake Desemba 1975 na kufariki usiku uleule. Mtu anayetajwa kuwa mbunifu kuliko wote katika fani hii alikuwa akichota kisimani mwake bila aibu. Siku mwongozaji wako akikukuta umerudia kitu chako cha zamani, mjibu hivyo.

Jaws ya 1975, filamu ya papa anayeshambulia watu, ni darasa lingine. Mtunzi John Williams alipompigia mwongozaji Steven Spielberg zile noti mbili kwenye piano, Spielberg alicheka, akidhani anataniwa. Noti mbili zilizopakana, zinaanza polepole, zinaongeza mwendo. Wajuzi waliziona nasaba zake mara moja: mtunzi Dvořák alikuwa ameanza sehemu ya mwisho ya simfonia yake ya mwaka 1893 kwa kupanda nusu toni namna hiyohiyo, na yale mapigo mazito yanamkumbusha mtu mtunzi mwingine, Stravinsky. Basi Williams alibuni nini? Itazame tena ile sehemu ya watoto wawili wanaoogelea na pezi la bandia kutisha watu pwani. Watu wanakimbia, wanakanyagana, na zile noti hazipigwi hata mara moja. Muziki haudanganyi: kama haupo, papa hayupo. Umefundishwa hivyo bila kujua. Halafu baadaye, mkuu wa polisi anamwaga chambo baharini huku akilalamika, bahari imetulia, muziki kimya, na kichwa cha papa kinatokeza pembeni yake. Ahadi imevunjwa. Tangu hapo hata ukimya nao unatisha. Ubunifu wenyewe ni ile ahadi na namna ilivyovunjwa, na hicho hukipati kwa kunakili noti mbili.

Wewe ni Mswahili, kwa hiyo nikupe mfano wa nyumbani. Mtu akitunga tarbia, beti za mishororo minne, mizani kumi na sita kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho, hakuna atakayesimama kumwambia umeiba bahari ya fulani. Bahari ni ya wote. Hata kuchukua methali ukaijenga kuwa kibwagizo ni ruhusa. Lakini ukichukua ubeti wa mwenzako ukabadilisha jina la mpenzi, barazani hutakaa. Watunzi wa filamu wana bahari zao na methali zao. Kubwa kuliko zote ni Dies irae, wimbo wa Kilatini wa misa ya wafu wa karne ya 13. Mtunzi Berlioz aliutia kwenye simfonia yake ya 1830, wenzake Liszt na Rachmaninoff wakafuata, na ndio unaofungua filamu ya The Shining ya 1980, gari dogo likipanda milima, kwa sauti za vifaa vya kielektroniki vya Wendy Carlos na Rachel Elkind. Anayeutumia leo anapiga methali, na wanaojua wanatikisa kichwa kwa kukubali.

Ubeti wa mwenzio nao huchukuliwa, sitakuficha. Ufunguzi wa filamu ya Re-Animator, 1985, ni Psycho iliyotiwa mdundo wa ngoma. Kila mwenye masikio aliitambua, na mtunzi alijitetea kuwa ni utani. Kwenye Aliens ya 1986 kuna kipande kinachofanana mno na Gayane, muziki wa bale wa mtunzi Khachaturian. Mimi la utani nalipokea nusu tu: utani unafaa pale mtazamaji anapojua anataniwa.

Lakini rafiki yako anapowalaumu watunzi, anamwacha mkosaji mkubwa. Mkosaji huyo unaye kwenye kompyuta yako sasa hivi: ule muziki wa kushikizia aliouweka mwongozaji. Fundi cherehani hushikiza nguo kwa uzi mwepesi ili aone itakavyokaa, kisha akauchomoa. Wahariri wa filamu hufanya vivyo hivyo, ila wakishaitazama picha mara 100 na muziki uleule, uzi unaota ndani ya nguo. Hawawezi tena kusikia kitu kingine. Mtunzi Jerry Goldsmith aliandika muziki wa Alien, 1979, na walipomaliza kuhariri, baadhi ya vipande vyake vilikuwa vimeondolewa. Mahali pake pameachwa muziki wa kushikizia, ukiwemo wa filamu nyingine yake mwenyewe ya 1962, na mwishoni kabisa simfonia ya Howard Hanson. Ameshindwa na yeye mwenyewe wa miaka 17 nyuma! Mwongozaji William Friedkin alimkataa mtunzi Lalo Schifrin katikati ya kazi ya The Exorcist, akatumia kazi zilizokwisha rekodiwa, nyingine za Krzysztof Penderecki, mtunzi wa Poland. Mwongozaji Stanley Kubrick kwenye The Shining alichukua kazi za Penderecki na Ligeti, na ya Bartók ya 1936, wote watunzi wa ukumbini.

Hapo ndipo penye jibu la nani alibuni zile sauti. Fidla zinazolia kama kundi la nyuki, mpigaji kuambiwa apige noti ya juu kabisa anayoweza bila kutajiwa ni ipi, kupiga upande wa nyuma wa kile kibao, kugonga mbao kwa vidole: mengi ya hayo Penderecki aliyakusanya kwenye kazi yake ya ala 52 za nyuzi ya mwaka 1960 na 1961, ile aliyokuja kuiita maombolezo ya wahanga wa Hiroshima. Hakuwa akiandikia filamu. Alikuwa akitafuta sauti mpya za ukumbini, na awali kazi hiyo iliitwa kwa urefu wake tu, dakika 8 na sekunde 37. Filamu za kutisha zilikuja baadaye kuhamia kwenye nyumba aliyoijenga.

Ukitaka mfano wa ubunifu wa karibuni, ninao mmoja unaotuhusu. Tangu The Omen ya 1976, ambayo Goldsmith aliiandikia kwaya ya Kilatini ya kumsifu shetani na kupata Oscar yake ya pekee, kwaya isiyoeleweka imekuwa mali ya kila mtu. Mwaka 2017 mwongozaji Jordan Peele alitoa filamu ya Get Out, ambayo mhusika wake mkuu ni kijana mweusi. Alimpata mtunzi Michael Abels kwa kusikiliza kazi yake ya okestra kwenye YouTube, na Abels hakuwa ameandikia filamu ndefu hata moja. Peele alitaka sauti za mababu wa watu weusi wakimwonya kijana wao. Abels akaandika kwaya ya kunong’ona, na lugha aliyochagua ni Kiswahili. Wimbo unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga. Sikio letu linajikwaa kidogo kwenye hilo “kwa”, lakini ujumbe unafika: wasikilize wazee, kimbia, jiokoe. Mtazamaji wa Chicago anasikia minong’ono asiyoielewa, anaogopa. Wa Tanga ameshaambiwa kila kitu kabla filamu haijaanza vizuri! Kifaa ni kilekile cha 1976, kwaya ya lugha ngeni. Alichogeuza ni nani anayeimba. Wanaotisha hapa ni watu wanaompenda mhusika.

Turudi chumbani kwako. Kwanza zima sauti. Mwombe mwongozaji nakala ya picha isiyo na muziki wowote, na kama hana, itazame hivyohivyo kimya, mara nne au tano. Kisha kaa naye, na umkataze kutaja filamu yoyote. Muulize: hapa mtazamaji ajue nini ambacho mhusika hajui? Hapa nani anamtazama nani? Mwongozaji anaposema “nataka kama Psycho”, mara nyingi hana haja na fidla. Anachotaka ni watu washtuke dakika ya 11, na hajui njia nyingine ya kukueleza. Niliwahi kumwandikia mtu muziki wa mchezo wa jukwaani kwa kufuata kanda aliyonipa, noti kwa noti, nikibadilisha hapa na pale. Usiku wa kwanza mtu wa mstari wa mbele akaimba ule wimbo wa asili juu ya wangu. Walicheka hadi pazia likashuka.

Pili, jiwekee ukata. Herrmann alijinyima ala karibu zote. Wewe chagua tatu.

Kuhusu okestra, una njia kadhaa na zote zina kasoro. Maktaba za sauti za kompyuta zina vishindo, miteremko na vichaka vya nyuzi vilivyorekodiwa tayari. Ni nafuu na zinasikika vizuri, ila maelfu ya watu wanabonyeza kibonye kilekile, na mtazamaji ameshaisikia kwenye tangazo la filamu nyingine jana. Zitumie kwa chini, kama unga wa kuzuia mchuzi usiwe mwepesi. Njia ninayoipenda ni wapigaji wachache wa kweli. Fidla mbili na selo moja, ukiwarekodi mara nne huku kila mara wakihama viti na kupishana kidogo na sauti, zinakuwa kundi. Pwani yetu haina uhaba wa wapigaji hawa. Zanzibar kuna vikundi vya taarabu vyenye fidla, selo na besi, Nadi Ikhwan Safaa tangu 1905, na chuo cha muziki cha Dhow Countries kinafundisha ala hizo. Mpiga fidla wa taarabu ana jambo ambalo yule wa okestra ya Ulaya hulisomea: mkono wake umezoea kuteleza, na sauti zilizo katikati ya noti mbili si kosa kwake. Ila mheshimu. Usimwambie apige “vibaya”. Mweleze sauti unayoitaka, mwachie dakika kumi aitafute, na mlipe siku yake. Njia ya tatu ni kuacha nyuzi kabisa, na kwa filamu ya dakika 24 hilo linaweza kuwa jibu zuri kuliko yote, lakini utakuwa na kazi ya kumshawishi mwongozaji.

La sheria nimeliacha mwisho kwa sababu ni fupi. Sekunde saba hazipo. Wala noti nane, wala baa nne. Ni uvumi wa studio, na umewaponza watu. Kinachoangaliwa ni kama ulichochukua kinatambulika kuwa cha mwenzako, na kipande kifupi sana chaweza kutambulika. Jua pia kwamba muziki mmoja una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi. Dies irae ni huru, lakini rekodi ya kwaya iliyouimba mwaka juzi si huru. Uimbishe mwenyewe. Muziki wa kushikizia usibaki hata kwenye nakala ya majaribio itakayopandishwa mtandaoni, maana mitambo ya YouTube huutambua kabla binadamu hajausikia.

Na hapa usinitegemee mimi. Kama mkataba wako una kifungu kinachosema mtunzi atabeba gharama zote za madai, usisaini kabla ya kuupeleka kwa wakili anayejua hakimiliki. Ukiwa Tanzania, pita COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na ukiwa Kenya ni KECOBO, bodi ya hakimiliki. Huko ndiko utakakosajili kazi yako pia. Na kama baada ya kumaliza bado una wasiwasi na kipande kimoja, usinitumie faili. Tafuta mwalimu wa muziki aliye karibu nawe, mkae na vipande vyote viwili na karatasi ya noti, awaonyeshe kwa kidole wapi vinafanana.

Siku ya kurekodi, mwombe mpiga selo alegeze ufunguo wa uzi mnene kabisa polepole huku upinde unaendelea kupiga, hadi uzi ulegee na sauti ianze kupwita. Washa rekoda kabla hajaketi, na usimwambie umeshaanza.